Puliza kepu za gari lako nyumbani, lakini anza na msasa!
Mwandishi wetu aliruka hatua moja, akajikuta kituo cha polisi akijieleza

UKIKUTANA na kigari kidogo kwenye foleni ya Morogoro Road, kepu tatu za magurudumu zimepauka kama kanzu ya zamani na ya nne nyeusi tii, usicheke. Mwenye gari hilo nilikuwa mimi.

Kepu ninazozungumzia ni vile vifuniko vya plastiki vya duara vinavyobanwa juu ya rimu ya chuma. Wenye rimu za michezo hayawahusu sana haya. Sisi wenye vigari vyetu vya kutoka Japani, hizi IST, Vitz na Passo ambazo watu wa mjini wanaziita 'beibi woka', kepu ndiyo sura ya gari. Bodi hata ikiwa imeng'arishwa ukajiona kama kwenye kioo, kepu zikichakaa gari zima linaonekana limechoka.

Na Dar es Salaam inajua kuzichakaza. Jua linapausha, unga wa breki unagandana na plastiki, hasa magurudumu ya mbele, na kila ukiegesha pembeni unakwaruza ukingo wa barabara. Halafu kuna wale jamaa wa usiku, ambao hawakwaruzi kitu. Wanaondoka nayo nzima.

Ndivyo ilivyoanza kwangu. Asubuhi moja nilitoka nyumbani, Tabata, nikakuta gurudumu la mbele kushoto liko uchi. Nikasonya, nikaondoka hivyo hivyo. Siku ya tatu, kwenye foleni, kijana akanijia dirishani na kepu mkononi. "Mzee, ya kwako hii, inchi kumi na tano, inaingia kama imezaliwa humo." Michoro sawa kabisa na zangu, ila nyeusi. Alianza elfu ishirini na tano, taa ilipotaka kuruhusu akashuka mpaka elfu kumi na tano. Nikatoa. Waswahili walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye foleni nani anakumbuka methali?

Jumamosi iliyofuata nikaamua: nazipuliza zote nne rangi moja, ya fedha, mimi mwenyewe, uani kwangu. Fundi alikuwa amenitajia elfu sitini. Kopo moja la rangi ya kupuliza dukani elfu saba. Nikasema huyu fundi ananiona mimi nimetoka shamba.

ILIVYOHARIBIKA MARA YA KWANZA

Nyie acheni tu. Nilinunua makopo mawili. Nikazifuta kepu kwa kitambaa chenye petroli, nikazipanga chini juu ya magazeti. Ilikuwa kama saa 11 jioni, mawingu yamejikusanya. Nikatikisa kopo mara tatu nne, nikalisogeza karibu kabisa ili nisipoteze rangi hewani, nikabonyeza.

Rangi ikatiririka kama uji. Nikaongeza kufuta aibu, ikatiririka zaidi. Hatua kama nne kutoka pale mama watoto alikuwa na jiko la mkaa, maharage yanachemka. Alinusa ile harufu, akanyanyua sufuria, akanyanyua na jiko lenyewe, akahama nalo upande wa pili wa nyumba bila kunisemesha. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ana kifua, alianza kukohoa. Hapo ndipo aliponisemesha.

Usiku manyunyu yakapita. Asubuhi kepu zilikuwa na ukungu mweupe, zina vidoa vya duara kama macho ya samaki, na mistari iliyotiririka imeganda. Nikazifunga hivyo hivyo kwa ubishi. Baada ya wiki moja na kuoshwa mara moja, rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Elfu kumi na nne imekwenda na maji, na ile kepu ya kununua, weusi wake ukaanza kuchungulia upya.

SOMO LA FUNDI

Nikajishusha, nikamfuata fundi wa bodi na rangi wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye vidole visivyotakata. Alichukua kepu moja, akaigeuza, akapitisha kucha, akacheka.

"Mzee wangu," akasema, "rangi haishiki kwenye mafuta, na haishiki kwenye kioo. Kepu yako ina vyote viwili."

Maana yake hii. Plastiki ya kepu inatoka kiwandani ikiwa laini na inateleza, rangi haina pa kung'ang'ania. Juu yake kuna mafuta: ya barabarani, na ile dawa ya kung'arisha tairi ambayo vijana wa kuosha magari wanapaka kwa ukarimu. Dawa ile mara nyingi ina silikoni, na silikoni ndiyo inayosababisha yale macho ya samaki. Rangi inakimbia pale ilipo, inaacha kishimo. Petroli yangu haikusaidia kitu, kwa sababu yenyewe inaacha mafuta. Na wale wanaotumia tina wanajiponza zaidi: kepu nyingi ni plastiki ya aina ya ABS, ambayo tina kali inaweza kuilainisha na kuiharibu.

Ukiigeuza kepu, kwa nyuma mara nyingi utakuta herufi zimegongwa: ABS, au PP, au PA. ABS ni rahisi, inapokea rangi vizuri ikishasuguliwa. Ukikuta PP, jua una kazi, plastiki hiyo ni maarufu kwa kukataa rangi. Inataka praima maalumu ya plastiki, iliyoandikwa hivyo kwenye kopo. Usidanganywe na muuza duka anayesema zote ni moja.

"Sasa nenda," akasema fundi, "kanunue msasa wa maji. Namba 400 na namba 600. Kazi ya siku mbili, siku ya kwanza usiguse kopo kabisa. Rangi ni ya mwisho. Anayeanza na rangi anaficha, hapaki."

MSASA UKATOA SIRI

Nikarudi nyumbani. Kepu nikazitoa, kuanzia upande wa tundu la kujazia upepo, bisibisi bapa imezungushiwa kitambaa isikwaruze. Nikaziosha kwa sabuni ya unga na brashi, mbele na nyuma, mara mbili. Fundi alinipa kipimo: mwagia maji safi. Yakijikusanya vitone vitone kama kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta, rudia. Yakitandaa, umemaliza.

Kisha msasa namba 400, pamoja na maji, kwenye ile rangi yangu ya aibu na mikwaruzo yote. Nikazimaliza zile tatu za kwangu. Nikashika ile ya foleni. Rangi yangu ya fedha ikatoka. Chini yake ule weusi, nao ukatoka, laini, kumbe nao ulikuwa umepulizwa na mtu juu juu tu kama nilivyofanya mimi. Na chini ya weusi, kwenye ukingo, nikaanza kuona mikwaruzo iliyonyooka isivyo kawaida.

Nikamwaga maji. Nikafuta kwa kidole. Herufi T. Kisha tarakimu tatu. Kisha herufi tatu.

Namba ya gari! Imechongwa kwa ncha ya kitu kama msumari, kama watu wa Dar wanavyochonga namba kwenye vioo vya pembeni na taa, ili mwizi akishika akute mali ina jina. Na namba hiyo haikuwa ya gari langu.

Nilikaa kwenye kigoda dakika nyingi. Mama watoto alipita na ndoo ya nguo, akasimama.

"Baba Watoto, mbona umenyamaza?"

Nikamwonyesha. Akasoma pole pole, herufi moja moja.

"Kwa hiyo na ya kwetu iliyoibwa saa hizi iko kwenye gari la mtu," akasema. "Naye kaipuliza."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na msasa mkononi. Kusugua dakika tatu zaidi, namba ile ingepotea, praima juu, rangi juu, nani angejua? Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, nilifikiria. Kepu yenyewe ni elfu kumi na tano, nani anahangaika? Mama watoto hakuondoka. Akatua ndoo chini.

"Ukipuliza hapo," akasema, "mimi sipandi hilo gari."

Jioni ile nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikamweleza, tukaenda pamoja kituo cha polisi. Usifikiri ni rahisi. Afande aliyekuwa zamu aliniuliza maswali matatu: umenunua kwa nani, wapi, na risiti iko wapi. La kwanza sikulijua, la pili nikajibu "kwenye foleni", la tatu nikatazama viatu vyangu. Jasho lilinitoka pamoja na feni kuzunguka juu. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hata kama hukujua, wewe ndiye unayeanza kujieleza. Nilijieleza. Maelezo yangu yakaandikwa, kepu ikabaki pale, nikaambiwa niende, nikihitajika nitaitwa. Mpaka naandika haya sijaitwa, na mwenye namba ile sijamjua.

Kesho yake nilikwenda Gerezani, Kariakoo, duka lenye mlango na mtu mwenye kitabu cha risiti. Kepu moja iliyotumika, michoro ileile, elfu ishirini na tano. Nikalipa bila kupunguziwa hata shilingi.

SASA TUPULIZE

Haya, turudi kazini, maana najua wengine mmeshashika makopo. Kwa kepu nne za gari dogo nilitumia kopo moja la praima ya plastiki, mawili ya rangi (la pili lilibaki karibu nusu) na moja la klia, ile ya juu isiyo na rangi inayokinga. Makopo ya kawaida ni ya mililita 400.

Kwanza, msasa. Baada ya namba 400 pitisha namba 600, bado na maji, mpaka kepu nzima iwe imefifia, haing'ai mahali popote. Panapong'aa ndipo patakapobanduka. Suuza, kausha vizuri, usiguse tena kwa mikono yenye mafuta.

Pili, funika. Geuza kepu uone yale meno ya plastiki na waya wa duara vinavyoibana kwenye rimu. Huko nyuma usipulize. Rangi ikijaa kwenye meno, kepu haikai sawasawa, na kepu isiyokaa sawasawa utaiokota mtaroni. Kama ina nembo unayotaka ibaki, izibe kwa tepu ya karatasi.

Tatu, hali ya hewa. Unyevunyevu ndio ulioniletea ule ukungu mweupe. Kwa Dar, saa 3 mpaka saa 5 asubuhi ni wakati mzuri: umande umekauka, jua halijawa kali, upepo wa bahari haujaamka sana. Siku za masika, Machi hadi Mei, subiri siku ya ukavu wa kweli. Usipulize juani moja kwa moja, rangi itakauka juu kabla haijatulia na utapata uso kama msasa wenyewe.

Nne, tikisa kopo. Ndani kuna kigololi, utakisikia kikigonga. Tangu kianze kugonga hesabu dakika mbili kamili, tena urudie kutikisa kila baada ya muda.

Tano, umbali. Sentimita 20 hadi 30, karibu urefu wa rula ya mwanafunzi. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kepu, pita, achia ukishaivuka. Mkono utembee muda wote. Tabaka la kwanza liwe jembamba kiasi kwamba plastiki bado inaonekana. Hapo ndipo uvumilivu unapokwisha kwa wengi, wanaongeza, inatiririka. Usiongeze. Subiri dakika 10 hadi 15, pita tena.

Praima matabaka mawili. Rangi matatu au manne membamba. Klia mawili au matatu. Lakini soma maandishi ya kopo kuhusu muda wa kurudia. Makopo mengi yanasema ongeza tabaka ndani ya saa moja, au la subiri siku nzima au mbili. Ukipuliza katikati ya hapo, rangi ya chini inaweza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ukimaliza, pindua kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke gesi tupu, mdomo wake usizibe.

Sita, subiri. Ikishikika usidhani imekauka. Iache siku nzima kabla ya kufunga, na wiki nzima kabla ya kuipeleka kwa vijana wenye mashine ya maji ya kasi. Wakati wa kufunga, tundu la kepu likae sawa na mdomo wa kujazia upepo, usije kuchomoa kepu kila ukitaka kujaza.

Na usipulize kepu ikiwa kwenye gari ati kwa kuwa ni mvivu wa kuitoa. Rangi inapenya kwenye matundu, inafika kwenye diski ya breki. Breki haitaki urembo.

KOPO HILI SI MANUKATO

Kopo la rangi ya kupuliza lilianzia Marekani mwaka 1949. Edward Seymour, muuza rangi wa mji wa Sycamore, jimbo la Illinois, alitaka njia ya kuonyesha wateja rangi yake ya alumini. Aliyempa wazo la kuitia kwenye kopo la kupuliza ni mkewe, Bonnie. Mnaona wenyewe, wake zetu tuwasikilize.

Zamani makopo ya namna hii yalisukumwa na gesi za CFC, ambazo haziwaki moto lakini zinaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuzifuta duniani. Siku hizi kinachosukuma mara nyingi ni propani na butani, ndiyo gesi ileile ya mtungi wako wa kupikia. Kwa hiyo ukipuliza hatua nne kutoka kwenye jiko la mkaa kama nilivyofanya mimi, umefungulia mtungi mbele ya moto. Mama watoto alijua, mwenye gari hakujua.

Kopo lisipate joto la kupita nyuzi 50, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hilo linafikiwa. Usiliache kwenye dashibodi. Likiisha usilitoboe wala usilitupe kwenye moto wa takataka, litapasuka.

Na kifua. Zile barakoa za kitambaa na za hospitali tulizozizoea wakati wa UVIKO, mwaka 2020 na 2021, hazizuii mvuke wa rangi. Inayozuia ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu, wanayovaa mafundi makini. Kama huna, fanya kazi mahali pa wazi kabisa, upepo ukiwa mgongoni mwako, pumzika mara kwa mara, na ukihisi kichwa kinazunguka acha hapo hapo. Watoto, wajawazito na wenye pumu wasiwe karibu. Klia za kuchanganya sehemu mbili usizijaribu nyumbani, zina kemikali za kundi la isosayaneti zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Waachie mafundi wenye vifaa.

HESABU YANGU

Kepu sasa zinang'aa, zote nne rangi moja. Mvua imezipiga, zimeoshwa mara nyingi, hakuna kilichobanduka. Fundi alizikagua, akapitisha kucha, akasema "afadhali". Kwa fundi wa rangi, hiyo ni sifa.

Ukifuata hatua hizi tangu mwanzo, makopo manne elfu ishirini na nane, msasa elfu tatu, tepu elfu mbili, jumla elfu thelathini na tatu. Nusu ya bei ya fundi na chenji kidogo. Mimi, ukijumlisha na makopo ya mara ya kwanza, kepu ya foleni na kepu ya Gerezani, nilitumia elfu themanini na saba. Fundi nimempita kwa elfu ishirini na saba, na zawadi ya kujieleza polisi juu yake.

Kabla ya praima nilifanya jambo moja la nyongeza. Nilichukua msumari nikachonga namba ya gari langu nyuma ya kila kepu, ndani kabisa, kwa kina, mahali ambapo msasa haufiki kirahisi. Mama watoto alikuja kuzihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akapanda gari.